Kwani "nguvu" ina kosa gani?

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita aliandika kwenye jaribio la sayansi kwamba jiwe huanguka kwa sababu "dunia ina nguvu inayolivuta". Mwalimu akakata "nguvu" kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "kani". Kwetu kani ni ubishi: mtu akishika kani, hata umweleze nini hasikii. Kwani "nguvu" ina kosa gani?

JIBU: Mzazi mwenzangu, kani yako ya ubishi haijafa, na ndiyo kongwe. Hata kufanya jambo "kwa kani", yaani kwa kulazimisha, ni Kiswahili cha siku nyingi. Fizikia imeliazima neno hilo na kulipa kazi moja tu: kutaja msukumo au mvuto wa kitu kimoja kwa kingine.

"Nguvu" haina kosa, ila ina kazi nyingi mno. Kuna nguvu za umeme, nguvu za kiume, nguvu ya hoja, nguvukazi, na dawa nayo ina nguvu. Tena sikiliza tunavyoitumia: mtu ana nguvu, anakula ugali apate nguvu, akibeba gunia zinamwishia. Ni akiba iliyomo mwilini. Na zikiisha, hakuna anayeuliza zilikuwa ngapi.

Kani ya fizikia haiwekwi akiba. Hutendeka baina ya vitu viwili, na huhesabika: kani moja, kani mbili, kila moja na upande inakoelekea. Ukiusukuma ukuta, ukuta nao unakusukuma vilevile. Kama huamini, usukume ukiwa umevaa soksi kwenye sakafu yenye vigae. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya mwendo ya mwanasayansi Newton, aliyoichapisha mwaka 1687. Kwa hiyo maana yako ya ubishi haiko mbali hata kidogo, maana hakuna anayebishana peke yake.

Neno linapomponza mwanafunzi hasa ni kwenye mpira. Mchezaji anapiga shuti, mpira unatoka mguuni, unapaa. Tunasema "mpira una nguvu", na kipa aliyeudaka atakubali huku akipuliza viganja. Sasa mwulize mtoto: ukiwa hewani, nini kinausukuma mbele? Atajibu, "Nguvu ya teke." Hapo amekosea, na lugha ndiyo iliyompoteza. Kani ya mguu ilikoma pale pale mguu na mpira vilipoachana. Mpira unaendelea mbele kwa sababu kitu kilicho katika mwendo hubaki katika mwendo mpaka kani nyingine ikiingilie. Tabia hiyo huitwa inesha. Hewa inaupunguza kasi, dunia inauvuta chini, basi. Mpira una mwendo na una nishati, lakini kani ya teke hauna.

Ndiyo maana naiunga mkono kalamu nyekundu, ingawa mwalimu angeongeza sentensi moja ya maelezo. Kuandika "kani" juu ya "dunia ina nguvu" bila kugusa kile kitenzi "ina" ni kubadili kofia tu.

Kani imekwisha pata na uzao wake. "Kanieneo" ni kani ikigawanywa kwa eneo inapoangukia. Kisu kilichonolewa hukata nyanya vizuri kwa mkono uleule, kwa sababu makali yake ni membamba, kani yote inakusanyika pembamba. Kwa damu, hata hivyo, watu wamezoea "shinikizo", na sioni sababu ya kuwasumbua.

Nje ya sayansi usimkataze mtoto "nguvu". Mto hutiririka kwa nguvu. Anayeandika kwenye insha kwamba mto una kani anastahili kalamu nyekundu nyingine.

Na jibu lake alirekebishe hivi: "Dunia inalivuta jiwe kwa kani." Akitaka alama ya ziada, aongeze kwamba kwa jiwe la kilo 1 kani hiyo ni kama nyutoni 9.8 (nyutoni ni kipimo cha kani), na kwamba jiwe nalo linaivuta dunia kwa nyutoni 9.8 zizo hizo.