Muvi ya Kihindi ya ngumi na vichekesho: tafuta Avane Srimannarayana

Mkuu, umeuliza muvi ya Kihindi yenye ngumi na vichekesho humo humo, lakini Bollywood hutaki tena. Basi shuka kusini, jimbo la Karnataka, kwa wazungumzaji wa Kikannada. Tafuta Avane Srimannarayana ya mwaka 2019.

Ni ndefu, saa tatu na kidogo, kwa hiyo maliza shughuli zako kwanza. Halafu zile dakika za mwanzo usizirushe. Pale kundi la wacheza maigizo linapora hazina, majambazi wanawamaliza, na hazina yenyewe inapotea. Ukiziruka, baadaye utabaki kuuliza hawa watu wanatafutana kwa lipi.

Miaka inapita, anatokea Narayana, polisi wa mji wa kubuni uitwao Amaravathi. Anaigizwa na Rakshit Shetty, ambaye pia ni mmoja wa walioiandika. Ngumi anazijua, ila mdomo ndio unaomtoa kwenye mitego: anadanganya, anachonganisha, anajifanya ana mpango kumbe hana. Pembeni yake yupo konstebo mtu mzima, Achyuth Kumar, na ule uso wake wa "bosi, leo tunakufa" ndio ulioniua mbavu. Tulikuwa tunaangalia na mdogo wangu, yeye maandishi ya chini hata hasomi, anaangalia sura ya mzee na kucheka.

Kinachonikosha ni ule mchanganyiko. Baa ni ya kikauboi kabisa, majambazi wana ngome yao kama wafalme, na fumbo la hazina limefichwa ndani ya mambo ya maigizo. Ilitakiwa iwe vurugu tupu. Haikuwa hivyo kwa sababu wabaya hawachekeshi. Jayarama, yule mtoto wa mkuu wa majambazi, Balaji Manohar kamkazia uso mwanzo mwisho, ukimwona unaogopa kweli. Sasa Narayana akianza utani mbele ya mtu wa namna hiyo, unacheka huku roho iko juu.

Dosari zipo. Katikati inajivuta, na Shanvi Srivastava, aliyeigiza mwandishi wa habari, kapewa kazi ndogo kuliko uwezo wake. Ila wimbo wa Hands Up, ule wa kucheza mikono juu kama umeelekezewa bunduki, utauimba wiki nzima bila kujua neno hata moja.

Iangalie kwa Kikannada chenye maandishi chini. Iliyoingizwa sauti za Kihindi ipo, lakini mimi nataka sauti ya Rakshit mwenyewe, utani wake mwingi uko kwenye namna anavyovuta maneno.

Ukiipenda, nenda Kantara ya 2022 ya Rishab Shetty (hawa kina Shetty si ndugu, usichanganyikiwe). Achyuth Kumar utamkuta tena humo. Mwanzoni utacheka, ila zile dakika ishirini za mwisho usiziangalie na watoto wadogo.