Kabla hujanunua feni mpya ya bafuni, panda darini

Feni yangu ya bafuni ilianza kwa kukoroma. Siku moja nikabonyeza swichi, ikatoa mlio kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, mapanga yametulia tuli. Nikanunua mpya, nikaifunga mwenyewe, nikajipongeza. Wiki tatu baadaye madoa meusi ya ukungu yakarudi kwenye pembe ile ile ya dari, na kioo kilikuwa bado kinatoka jasho nusu saa baada ya mtu kuoga. Feni nilikuwa nimeichunguza vizuri, ila njia ya hewa sikuwa nimeigusa.

Siku hizi naanza na karatasi ya chooni. Washa feni, inua kipande kimoja hadi kwenye kifuniko chake. Kikinata, hewa inavutwa. Kikianguka na huku mapanga yanazunguka, feni huenda haina kosa. Fungua mlango ujaribu tena. Kama sasa kinashika, bafu limezibwa mno: feni haiwezi kutoa hewa ambayo haiingii, na nafasi ya kama sentimita moja chini ya mlango mara nyingi hutosha. Kama bado hakishiki, zima umeme, vua kifuniko, safisha vumbi kwa brashi kavu. Utashangaa vumbi lililochanganyika na mvuke linavyogeuka kuwa kitu kama blanketi.

Feni ikiwa kimya kabisa, fuatilia umeme: swichi, fyuzi, breka. Ikinguruma bila kuzunguka, umeme unafika lakini mota imekwama. Zima breka, kisha zungusha panga kwa kidole. Likiwa gumu, beringi zimeshika kutu au zimejaa uchafu. Tone la mafuta ya cherehani linaweza kuiamsha kwa muda. Yangu ilipata siku nne. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanaganda na kunata. Panga likiwa jepesi, na feni ikianza tu baada ya kusukumwa, kwenye zile zenye kapasita, yaani kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, mshuku wa kwanza ni hiyo kapasita.

Kuhusu breka niseme zaidi, kwa sababu nusura niumie. Feni inayoendelea kuzunguka dakika chache baada ya kuzima swichi ina waya wa moto ambao swichi haiukati. Mimi nilizima swichi, nikaona inatosha. Testa ndiyo iliyoniokoa. Basi zima breka, jaribu testa kwanza mahali unapojua pana umeme ili uhakikishe ni nzima, ndipo upime kila waya wa feni. Piga picha ya waya kabla ya kufungua skrubu hata moja. Ukikuta waya zilizoungua au rangi usizozielewa, hiyo ni kazi ya fundi umeme, wala si aibu kumwita.

Dukani nilienda na kipimo cha kifuniko, nikarudi na feni isiyoingia. Kinachopimwa ni bomba la hewa. Mengi ya nyumbani yana kipenyo cha milimita 100, yaani inchi 4, lakini kuna ya 150 pia. Kama feni itakaa karibu na bomba la mvua, soma alama ya kinga dhidi ya maji. IPX4 maana yake inastahimili kurushiwa maji kutoka pande zote.

Sasa darini, nilikopaswa kuanzia. Bomba langu lilikuwa lile laini la kukunjika, refu kuliko lilivyohitajika, limelegea katikati ya mbao na kuota kitambi. Nilipokiinua, maji yakachuruzika yakanilowesha mkono hadi kwenye kiwiko. Mvuke wa moto ukigusa bomba la baridi hugeuka maji, nayo hukusanyika penye bonde. Pale yanaziba hewa, na yakizidi hurudi kwenye feni. Nilikata kipande kilichozidi, nikalivuta likanyooka, nikalifunga kwenye mbao likiinama kidogo kuelekea nje, kisha nikalivisha sufi ya kuzuia baridi. Huko nje vibao vya kuzuia upepo usirudi ndani vilikuwa vimegandishwa na rangi ya ukuta, tena niliyoipaka mimi. Kisu kikamaliza kazi. Ukikuta bomba lako linaishia darini tu bila kutoka nje, usilale nalo: mvuke wote wa bafuni unakwenda kuozesha mbao za paa.

Feni ya zamani sikuwa nimeitupa. Niliifungua jioni hiyo mezani. Kutu kwenye kasha la mota ilikuwa upande mmoja tu, ule uliokuwa ukitazama bomba.