Dawa ya kumlaza tembo ikikuchoma wewe

Swali: Daktari, iweje dawa inayomlaza tembo bila kumuua iwe hatari kwa mtu?

Kipimo ni cha tembo, mwenzangu. Etorfini, dawa yenyewe ya kulaza wanyama wakubwa, ambayo wengi wetu kazini tunaiita M99, ina nguvu mara 1,000 hadi 3,000 ya morfini, ile dawa kali ya maumivu. Miligramu 3 au 4 tu zinaweza kumwangusha kifaru mzima. Karfentanili, dawa nyingine ya jamii hiyo iliyotengenezwa mwaka 1974, inafika kama mara 10,000. Hapo tone linalobaki kwenye ncha ya sindano si la kudharau.

Swali: Sindano imenigusa kidogo tu, hata damu haikutoka. Nisikilizie kwanza?

Hapana! Piga kelele kwanza, maana baada ya dakika chache huenda ulimi usikutii. Kisha osha kwa maji mengi. Usinyonye kidonda. Kinachofuata ni kizunguzungu, kichefuchefu, mboni za macho kusinyaa hadi kuwa kama nukta, usingizi mzito, midomo kugeuka bluu. Kinachoua ni pumzi: ubongo unaacha kuuamuru mwili uvute hewa. Kwa hiyo anayekusaidia akupulizie hewa, naloksoni, dawa ya kuzima nguvu za dawa hizi, ikiendelea kuandaliwa, nayo ichomwe kwa kurudiarudia. Naloksoni huisha nguvu mapema kuliko dawa inayopambana nayo. Mtu anaamka, anaomba maji, anasema yuko fiti, halafu anazama tena. Hata akiamka, hospitali ni lazima, na chupa aende nayo ili madaktari waisome.

Swali: Diprenorfini inayomwamsha mnyama haifai?

Kwa binadamu chaguo la kwanza ni naloksoni. Diprenorfini yenyewe ina chembe ya tabia ya opioidi, yaani jamii ya dawa za aina ya morfini.

Swali: Ni kweli ukiigusa chupa tu umekwisha?

Chumvi imezidi hapo. Ngozi nzima iliyooshwa mara moja haina hatari kubwa. Jicho, mdomo na mchubuko ni habari nyingine, na kishale chenye hewa ya shinikizo kikivuja hurusha dawa usoni. Ndiyo maana ya miwani na glavu.

Swali: Na zailazini, ile dawa nyingine ya kulaza wanyama?

Hiyo si opioidi, naloksoni haiiwezi. Lakini Marekani wauza unga huichanganya na fentanili, ambayo ni opioidi, kwa hiyo aliyezimia apewe naloksoni vilevile.

Swali: Mimi hufanya kazi peke yangu porini. Nijiandae vipi?

Usiifungue chupa mpaka umpate mwenzako, na awe anajua kuchoma naloksoni.