Wadogo zangu wa tarumbeta, macho mmeshapima?

Naandika hii kwa nyie mlioanza tarumbeta juzi juzi, wa bendi za kanisani, wa shuleni, na hasa hawa vijana wa Dar tunaokutana nao Jumamosi nyuma ya kirikuu tukisindikiza maharusi. Ukianza kupuliza unaambiwa mambo ya midomo, pumzi, mafuta ya valvu, lakini macho hakuna anayeyataja, mi mwenyewe nilipuliza miaka tisa ndo nikapimwa presha ya macho kwa mara ya kwanza, na nilienda kwa sababu ya yaliyompata mzee aliyenifundisha.

Huyu mzee tukiwa kwenye maandamano alianza kugongana na watu upande wa kushoto. Watu wakasema kalewa, na mzee wa watu pombe hagusi. Noti anasoma vizuri kabisa, ukimsimamia mbele anakuona, kumbe pembeni kunafifia taratibu na yeye mwenyewe hajui, mpaka siku akaingia mtaroni na tarumbeta yake mkononi. Hospitali wakamwambia ni glaukoma, ndo hiyo tunayoita presha ya macho, na kilichopotea hakirudi, dawa inalinda kilichobaki tu. Siwezi kusema tarumbeta ndo ilimfanyia vile, maana baba yake naye alizeeka haoni na ugonjwa huu unatembea sana kwenye ukoo, ila najua angepimwa mapema angeokoa mengi, iliniuma na bado inaniuma.

Sasa kupuliza kunahusikaje? Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote, na msukumo wake, ndo hiyo presha inayopimwa, kwa kawaida uko kati ya 10 na 21 ukipimwa kwa milimita za zebaki. Ukipuliza chombo chenye tundu jembamba kinachokataa pumzi, kifua kinakaza, damu ya kichwani inachelewa kushuka kwenye moyo, mtazame mwenzako shingo akiwa kwenye noti ya juu utaona mishipa ilivyotuna. Ndani ya jicho nako kuna utando wenye mishipa mingi ya damu, nao unavimba, msukumo unapanda. Ukiacha kupuliza unashuka haraka. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Joel Schuman walitoa utafiti wao, wakaona wapigaji wa vyombo vigumu kupuliza kama tarumbeta na horni kuona kwao pembeni kumepungua zaidi ya wenzao, upungufu wenyewe ni mdogo, na unaendana na masaa waliyopuliza maishani. Nimesema mdogo, kwa hiyo usiende kuuza tarumbeta yako, wa tuba na tromboni ndo kabisa kwao pumzi inapita kirahisi zaidi.

Kinachopandisha zaidi ni noti za juu, sauti kubwa na kushikilia muda mrefu, yaani mambo yale yale tunayoyafanya barabarani tukishindana na honi na spika za MC. Ndo maana bendi yetu sasa hivi anayeshika sauti ya kwanza hapulizi nyimbo tatu mfululizo, anapokezana na mwenzake. Na kama noti ya juu unaipata kwa kukaza shingo mpaka uso unaiva, rudi kwa mwalimu akufundishe kutumia kasi ya pumzi, usikomae nayo. Kingine kola ya yunifomu, tai ikibana shingo nayo inapandisha presha ya jicho hata kama hupulizi, sasa jumlisha na tarumbeta. Legeza kifungo, kiongozi akiuliza mwambie sababu.

Hapa kwenye dawa za matone naomba mnisikilize vizuri. Nyuma ya gari tunakula vumbi, upepo na jua, jioni macho mekundu yanawasha, tunakimbilia duka la dawa. Mi nilikuwa napewa kichupa chenye deksamethasoni, muuzaji haulizi kitu, natia, asubuhi macho meupe, nikawa nakaa na kichupa kwenye begi la tarumbeta msimu mzima wa harusi. Hiyo ni dawa ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe na wekundu, ukiitumia wiki nyingi bila daktari kukufuatilia inaweza kupandisha presha ya macho kimya kimya na hata kukuletea mtoto wa jicho. Hakuna maumivu yoyote, wewe unaona umepona!! Nunua miwani ya jua inayoziba pembeni, nawa uso kwa maji safi, na jicho likisumbua zaidi ya siku chache nenda kliniki.

Ukiona doa la damu kwenye weupe wa jicho baada ya kukomaa na noti, mara nyingi halina shida, halina maumivu na linapotea lenyewe kwenye wiki moja au mbili. Ila ukipuliza halafu ghafla ukaona ukungu katikati, au mwanga kama radi, au vitu kama nzi wengi vinaelea, au pazia jeusi linashuka, hapo hata kama bibi harusi ndo anaingia ukumbini weka chombo chini na uende hospitali siku hiyo hiyo. Na ukishafanyiwa upasuaji wa jicho hupulizi mpaka daktari aliyekufanyia aruhusu.

Kupima kwenyewe hakuchukui muda, waombe wapime presha, waangalie mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho, na wapime upana wa kuona kwako. Presha ya mkononi kuwa sawa haimaanishi ya macho iko sawa, hivi ni vitu viwili tofauti. Watu weusi ugonjwa huu unatuwahi, kwa hiyo kama kwenu kuna aliyepofuka usisubiri ufikishe miaka 40, nenda mwaka huu. Dar kuna hospitali za CCBRT na Muhimbili, Moshi kuna hospitali ya KCMC, na kwingine waulize kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa.

Halafu kwenye ile fomu wakiuliza kazi tusiandike "biashara binafsi" kama tulivyozoea, andika mpiga tarumbeta, na mwambie daktari unapuliza masaa mangapi kwa wiki. Kama una pumu mwambie kabla hajakuandikia dawa, kwa sababu kuna matone ya presha ya macho kama timololi yanaweza kubana kifua cha mwenye pumu, na sisi hicho kifua ndo tunakitegemea kazini.