Paka aliyerudisha watu barazani kwa mama

Baba alipofariki, nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, haikukosa watu. Matanga yakapita, mama akakaa eda miezi 4 na siku 10, na muda wote huo majirani na mashoga zake walikuwa wakiingia na kutoka. Alipotoka eda, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo ukiwa ulipoingia.

Mimi naishi Dar es Salaam. Kila jioni nilimpigia simu kumuuliza amekula nini, na kila jioni jibu lilikuwa chai. Mtu aliyezoea kupakua wali wa nazi kwenye sinia sasa anashinda na chai ya rangi, maana hana wa kumpikia. Vidonge vya presha anameza leo, kesho na keshokutwa anasahau.

Mpwa wangu ndiye aliyempelekea mtoto wa paka, wa kijivu mwenye kidevu cheupe. Mama alikuja juu: "Nimelea watoto sita, nimewaozesha, leo mnataka nilee paka?" Wiki mbili baadaye napiga simu, nasikia anazungumza na mtu. Nikamuuliza ni nani. "Subiri kwanza, huyu hajala." Alishampa na jina, Mgeni.

Wewe mwenye mzazi anayekaa peke yake, sikiliza hili. Faida kubwa niliyoiona kwa macho yangu ni kwamba mnyama anampa mtu ratiba. Alfajiri, adhana ikilia tu, Mgeni yuko mlangoni mwa chumba analia. Mama anaamka, anaswali, anaingia jikoni kumchemshia dagaa, na akishawasha jiko anajikorogea uji na yeye. Kopo la vidonge tukaliweka kwenye rafu ileile ya bakuli la paka. Tangu hapo sijamsikia akisema amesahau dawa.

Kisha watu wakarudi. Watoto wa jirani wanakuja kumuulizia Mgeni, wanakaa barazani, wanaagizwa chumvi dukani, mmoja anasomewa juzuu. Muuza samaki anayepita mtaani anamwekea vichwa vya samaki, na hawezi kumkabidhi bila kusimama kidogo kuuliza hali. Mama ambaye wiki nzima ilipita bila kufungua mlango wa mbele sasa anajua nani kaumwa na nani kaposwa.

Kuhusu afya ya mwili, nisikudanganye. Kumpapasa mnyama mtulivu hutuliza mapigo ya moyo na hushusha presha kwa muda, na ukimwona mama anavyompitisha Mgeni kiganja mgongoni, polepole, huku paka anakoroma, utaona mabega yake yanavyoshuka. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 92 wa moyo. Katika 53 waliokuwa na wanyama nyumbani, 3 walifariki ndani ya mwaka mmoja. Katika 39 wasiokuwa nao, walifariki 11. Ni utafiti mdogo, na paka si dawa ya moyo. Mama anaendelea na vidonge vyake na kliniki haachi.

Usimpelekee mzee mnyama ukamwachia na mzigo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ulipie wewe, hata kama ni paka, na dawa ya minyoo pia. Mwite daktari wa mifugo amhasi, la sivyo usiku atazurura na kupigana na mapaka shume. Mjukuu akiparuliwa au kung'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Na paka asipewe paracetamol kabisa, hata kipande, inamuua. Maziwa ya ng'ombe nilimpa mimi, akaharisha siku mbili, mama akawa mtu wa kupiga deki.

Wapo waliomwambia mama paka atamharibia udhu. Yeye akawakumbusha hadithi ya Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. Mbwa ni habari nyingine kwa nyumba kama yetu, ila rafiki yangu wa Moshi anaye, na anatembea naye kila asubuhi hadi sukari yake imetulia. Chagua mnyama anayekubalika na mwenye nyumba, wala usichague anayekupendeza wewe. Na mpange mapema nani atamlisha mnyama huyo pindi mzee akisafiri.

Mwezi uliopita nilifika na basi la mchana. Mama alikuwa barazani, watoto wanne pembeni yake, Mgeni mapajani kajikunja. Nikamwamkia. Akaitikia kwa sauti ya chini, akaniambia nipite jikoni nijipakulie mwenyewe, samaki wa nazi wapo kwenye sufuria kubwa, yeye hawezi kuinuka sasa hivi, huyu ndiyo kwanza kalala.