Uliza Ujibiwe: Hili Nimpelekee Diwani au Mtendaji?

Barua za mwezi huu karibu zote zinamtaja Mheshimiwa Diwani, na nyingi zinamtwika mzigo usio wake. Tumechagua tano. Majibu yanafuata utaratibu wa Tanzania Bara. Zanzibar wana wao.

Kalvati la mtaani kwetu limeziba tangu mwaka juzi. Mvua ikinyesha, maji yanaingia ndani. Diwani tumemwambia mara tatu, kila mara anajibu "nimelichukua". Tufanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Mlimwambia wapi? Kama ni msibani au kijiweni kwenye kahawa, inawezekana amelichukua kweli, ila hana pa kulitua. Diwani hana fungu la kuzibua kalvati wala fundi wa kumtuma. Nguvu yake iko kwenye vikao viwili: Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ni katibu, na Baraza la Madiwani, linalokutana kila robo mwaka. Vikao hivyo huenda kwa maandishi. Kwa hiyo anzeni chini: mwambieni mwenyekiti wa mtaa aliweke kalvati kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi, kisha hakikisheni linaingia kwenye muhtasari.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Muhtasari unaandikwa "wananchi walilalamikia ubovu wa miundombinu", basi. Sentensi hiyo haimsaidii mtu yeyote huko juu. Andikeni hivi:

"Kalvati la barabara iendayo zahanati limeziba. Bomba ni la sentimita 60, mchanga umejaa robo tatu. Mvua ya saa moja huingiza maji nyumba 11 upande wa bondeni. Mkutano umeazimia: (a) wakazi wazibue Jumamosi; (b) kata iombe bomba la pili na ukuta wa kuzuia mchanga upande maji yanakoingilia."

Pimeni kwa futi kamba, pigeni picha siku ya mvua na siku ya jua, mkae na nakala yenye saini ya mwenyekiti na ya mtendaji wa mtaa pamoja na orodha ya mahudhurio. Na kabla ya kulaumu, chungulieni ndani ya kalvati. Likiwa limejaa mifuko na chupa, dawa ni usafi wenu na majirani wa mlimani. Likiwa limejaa mchanga tu, tafuteni unakotoka. Mara nyingi ni mtaro wa udongo usiosakafiwa, au mtu aliyemwaga tripu ya mchanga wa ujenzi kando ya barabara. Likiwa safi na bado linafurika, bomba ni dogo, na hapo koleo halitasaidia.

Barabara za mitaa na za wilaya, pamoja na mitaro yake ya kando, tangu Julai 2017 zipo chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), si chini ya mhandisi wa halmashauri. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania). Diwani anaweza kumwandikia meneja wa TARURA wa wilaya akiambatanisha azimio la kata, na anaweza kulisemea suala hilo barazani, lakini hawezi kumwamuru.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Baraza hupitisha bajeti mapema, kabla Bunge la bajeti halijaanza mwezi Aprili. Ombi la Oktoba au Novemba lina nafasi ya kuingia kwenye mpango. Ombi la Aprili, maji yakiwa sebuleni, ni la dharura, na fungu la dharura hugombewa na kata zote.

Mkikutana tena na Mheshimiwa, msimuulize "umefikia wapi". Muulizeni: "Kalvati letu lilikuwamo kwenye taarifa ya kata ya robo hii?" Kila diwani hupeleka taarifa ya kata yake barazani. Ama limo, ama halimo. Mikutano ya Baraza iko wazi kwa wananchi. Mmoja wenu aende akae nyuma asikilize.

Tulijenga boma la madarasa mawili hadi lenta kwa nguvu zetu. Lina miaka mitatu halijaezekwa. Diwani anasema tusubiri halmashauri. (Msomaji, Geita)

Kusubiri ni sawa, ila boma halisubiri bure. Kozi ya juu ikinyeshewa masika mbili tatu, maji hushuka kwenye maungio na tofali huanza kumomonyoka. Nondo zilizoachwa zimechomoza hupata kutu. Mhandisi akija na fedha mkononi akakuta ukuta una nyufa, anaweza kuagiza sehemu ibomolewe. Pigeni sakafu nyembamba ya saruji juu ya ukuta, nondo zipakeni uji wa saruji kisha zifungeni nailoni. Ni kazi ya siku moja na mifuko michache.

Pili, mwombeni Mtendaji wa Kata amlete mhandisi wa halmashauri akague sasa na aandike ripoti. Boma lililojengwa bila mhandisi kuona msingi ni kazi ngumu kuliombea fedha. Tatu, tengenezeni daftari la michango: tripu za mchanga na mawe, idadi ya tofali, mifuko ya saruji, siku za kazi, kila kimoja na bei yake ya wakati ule. Diwani akisimama barazani na kusema "wananchi wangu wamejitolea sana", anapigiwa makofi. Akitaja jumla ya shilingi na ripoti ya mhandisi iko mezani, wanalazimika kujadili.

Mzoa taka amepandisha ada bila kutuuliza. Diwani anaweza kumfukuza? (Msomaji, Ilala)

Peke yake, hapana. Mkataba ni kati ya mzoaji na mamlaka iliyompa kazi. Lakini ada ya taka huwekwa kwa sheria ndogo, inayopitishwa na Baraza, kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Nendeni ofisi ya kata mwombe kuona kiwango kilichomo humo kwa nyumba, kwa fremu ya duka na kwa mama lishe. Kama mnatozwa zaidi, kusanyeni stakabadhi za miezi mitatu, pamoja na tarehe ambazo gari halikuja, mpelekeeni diwani na nakala kwa afisa afya wa kata. Asiye na stakabadhi asitarajie mengi. Na anayetaka pesa bila kutoa stakabadhi, msimpe.

Nahitaji barua ya utambulisho ya benki. Mwenyekiti wa mtaa hayupo, nimfuate diwani? (Msomaji, Mbeya)

Hapana, mfuate mtendaji wa mtaa. Yeye ndiye mwenye ofisi na kumbukumbu za wakazi. Nenda na picha ndogo, kitambulisho, na mjumbe anayekufahamu kama u mgeni hapo. Ukidaiwa pesa, omba namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Mara nyingi dai huishia hapo.

Kikundi chetu cha vijana tumeomba mkopo wa asilimia 10. Tumeambiwa diwani ndiye anayepitisha majina. Ni kweli? (Msomaji, Singida)

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hugawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kata huyapitia kabla ya kuyapeleka halmashauri. Diwani hana orodha ya mfukoni. Kinachoangusha vikundi vingi ni andiko lenye matumizi ya "biashara mbalimbali". Kama ni kuku, andikeni vifaranga wangapi, chakula cha wiki ngapi, mnunuzi yuko wapi.