Futa hiyo safu ya kilo kabla hujaweka hela

Usibeti. Mkuu, nakusihi, usibeti kwa hilo jedwali. Umepanga mabingwa wa ngumi wa uzito wa juu kwa kimo, kilo na urefu wa mikono, ukahitimisha kwamba yeyote wa zamani aliyekuwa chini ya kilo 100 angefagiwa na majitu ya leo. Sawa, ubishi wa kijiweni huo. Ila mwishoni umechomeka kwamba utalitumia kuchagua mshindi wa pambano lijalo, na hapo ndipo niliposhtuka. Jedwali hilo nimewahi kuwa nalo. La kwangu hata rangi lilikuwa nazo.

Nililitoa kwa jamaa mmoja wa chaneli ya uchambuzi, mwenye sauti ya kujiamini na sare ya mazoezi ambayo sidhani kama imewahi kulowa jasho. Wimbo wake ulikuwa mmoja: mkubwa akishajua ngumi, mdogo hana lake. Septemba 2021 Oleksandr Usyk, aliyepanda kutoka uzani wa cruiser, ule ulio chini ya uzito wa juu, akakutana na bingwa Anthony Joshua kule London. Kilo 100 kwa 109, sentimita 191 kwa 198. Jedwali likasema Joshua, nami nikasema amina. Usyk akachukua mikanda kwa pointi, na kengele ya raundi ya 12 ilimkuta Joshua kwenye kamba anakula ngumi.

Mtaalamu wetu akaja na maelezo: Joshua alikosea mbinu, marudiano yatanyoosha mambo. Hapo mtu mwenye akili timamu angeondoka. Mimi nikaongeza dau. Agosti 2022, Jeddah, raundi ya 9 Joshua akamtandika Usyk hasa, nikawa nimeshasimama juu ya kochi nahesabu faida. Raundi ya 10 Usyk akatoka kwenye kona yake kama ndiyo kwanza pambano linaanza, akashinda tena. Nikashuka kwenye kochi taratibu.

Bado sikukoma. Mei 2024, Riyadh, akaletwa Tyson Fury: sentimita 206, karibu kilo 119, mbele ya Usyk wa kilo 101 na ushee. Raundi za katikati Fury alikuwa anamchezea, nikaanza kuandika ujumbe wa kumtambia shemeji. Raundi ya 9 Fury akawa anayumba kama mlevi, kamba ndizo zilizomshikilia, refa akamhesabia. Usyk akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Ujumbe niliufuta, hela haikufutika kiungwana hivyo. Na yule jamaa? Hakuomba radhi hata kwa emoji. Wiki iliyofuata alikuwa anauza ubashiri wa mpira wa miguu.

Angalia sasa: mara zote tatu kazi ilimalizwa baada ya raundi ya 8, na jedwali langu halikuwa na safu ya raundi. Lako pia halina. Kabla hujataja kilo, uliza pambano ni la raundi ngapi, kisha uliza huyo bondia wako anafananaje akivuka ya 9. Sina kanuni nyingine, na hii nimeilipia.

Hata hao wa zamani unaowafagia, na mashabiki wao wanaowatukuza, wote wanasahau hili. Rocky Marciano, 49 kwa 0: ameshinda 49, hajapigwa hata moja. Septemba 1952 pale Philadelphia alikuwa nyuma kwenye kadi za majaji wote watatu dhidi ya Jersey Joe Walcott, akamzimisha raundi ya 13. Raundi ya 13, mkuu! Kwa sheria za leo za raundi 12, usiku ule Walcott anabaki na mkanda na hiyo sifuri ya Marciano hatuijui. Bingwa Joe Louis naye 1941 alikuwa anazidiwa na Billy Conn, kijana ambaye hata kilo 80 hakufika. Conn akaongoza kwenye kadi mbili, akapata tamaa ya kumwangusha Louis, akaangushwa yeye raundi ya 13. Jedwali lako lingemtoa Conn kabla hajavaa glovu. Raundi zilianza kupunguzwa kutoka 15 hadi 12 baada ya kifo cha Duk Koo Kim wa Korea Kusini mwaka 1982, kwa hiyo ukimleta bingwa wa zamani huku, au ukimpeleka Fury kule, sema kwanza mnapigana kwa sheria za mwaka gani.

Na huyo Louis alipokutana na Primo Carnera mwaka 1935 alikuwa na kilo 89, Carnera 118, sawa kabisa na majitu yako. Raundi ya 6 ikawa imekwisha. Najua, Carnera si Fury, alikuwa mzito wa miguu na rahisi kulengwa. Lakini hilo la miguu umelionea wapi kwenye kilo?

Simaanishi uzito ni bure. Marciano wa karibu sentimita 180 mbele ya jitu kama Lennox Lewis, mimi mwenyewe ningefumba macho.

Mike Tyson umemweka wa kwanza kwa sababu ya video za dakika mbili. Tazama alikoanguka: Buster Douglas 1990 raundi ya 10, Holyfield 1996 raundi ya 11, Lewis 2002 raundi ya 8. Halafu unataka kumpeleka miaka ya sabini, akapige raundi 15 na Muhammad Ali, yule aliyemwacha George Foreman ajichoshe pale Kinshasa 1974 mpaka raundi ya 8? Foreman huyohuyo, miaka 20 baadaye, akiwa na miaka 45 na yuko nyuma kwa pointi, alimzimisha Michael Moorer raundi ya 10 akatwaa ubingwa. Kwenye jedwali lako umemwandika mara moja tu, 1973, alipotwaa ubingwa mara ya kwanza. Anza kurekebisha hapo, na hela iache mfukoni.